UZI: Farasi, punda na virusi vya mbu. Sisi wa Dodoma tunawakingaje?

Mtunza Farasi Hombolo (#1)

Wakuu salaam.

Natunza farasi wa kupanda huku Hombolo, si mbali na bwawa. Waliletwa kutoka Arusha. Mwenye mali anaishi nje ya nchi, mambo yote tunamalizana kwa simu. Juzi kanitumia orodha ya chanjo wanazochanjwa farasi kule Marekani: ya West Nile, ya homa ya ubongo ya Mashariki, ya homa ya ubongo ya Magharibi, na ya Venezuela. Anataka wapate zote kabla mvua hazijachanganya. Nimepita maduka ya dawa za mifugo pale mjini, kila muuzaji ananitazama. Chanjo za kuku, mbuzi na ng'ombe zipo, za farasi hakuna anayezijua.

Wasiwasi wake siupuuzi. Jua likishazama huku bwawani, ukipitisha kiganja kwenye shingo ya farasi kinatoka na damu ya mbu walioshiba. Isitoshe, kuna jirani punda wake alianza kuyumba miguu ya nyuma, akalala, hakunyanyuka tena. Kijiji kinasema ni mbu, na wengine wameshaanza kusema punda wasipite karibu na banda letu kwa sababu ugonjwa utahamia kwa farasi.

Naomba wataalamu na wazoefu mnisaidie. Hizi chanjo zinatufaa sisi? Na kama hazipatikani, hawa wanyama nawakinga na nini?

Mkulima wa Kibaigwa (#2)

Nafuatilia huu uzi kwa karibu. Farasi sina, ila punda wa mkokoteni ninao, na ndio wanaosomesha watoto wangu.

Mzee wa Josho (#3)

Mkuu mbona rahisi hiyo. Chukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya amitrazi, changanya kipimo kile kile cha ng'ombe, mnyunyizie mwili mzima kila wiki. Kupe anakufa, mbu hagusi. Mimi ng'ombe wangu nawafanyia hivyo miaka yote.

Daktari wa Mifugo Kanda ya Kati (#4)

Mzee wa Josho, shikamoo. Naomba nikusimamishe hapo kabla mtu hajachukua bomba na kwenda bandani.

Amitrazi kwa ng'ombe ni dawa nzuri. Kwa farasi na punda ni hatari. Inalegeza utumbo mpaka unaacha kusukuma chakula, mavi yanakauka ndani na kuziba. Mnyama anaanza kujitazama ubavu, anapiga tumbo kwa mguu, anajigaragaza, na wengi hawaponi. Wenye punda wote mnaosoma hapa, kabla ya kununua dawa ya kuogeshea soma kiambato kwenye lebo. Ukiona amitrazi, hiyo ibaki ya ng'ombe na mbuzi. Na bomba lililotumika kwa amitrazi usilitumie kwa punda hata kama umelisuuza.

Kwa farasi na punda tunatumia dawa za jamii ya pareto, mfano permethrini, ambayo lebo yake imetaja farasi au daktari amekupa kipimo chake. Hata hiyo ina masharti: paka akiilamba inamuua, na maji yake yakiingia bwawani yanaua samaki. Hombolo watu wanakula perege wa bwawa lile, kwa hiyo usimuogeshee farasi kwenye kingo za maji.

Swali la chanjo linataka maelezo marefu kidogo. Nitarudi jioni.

Mzee wa Josho (#5)

Marahaba daktari. Hilo la utumbo sikuwahi kulisikia. Vijana wangu wana punda wawili, nawapigia simu sasa hivi.

Daktari wa Mifugo Kanda ya Kati (#6)

Nimerudi.

Mtunza Farasi, katika zile chanjo nne alizokutumia mwenye mali, tatu ni za magonjwa ya bara la Amerika. Homa ya ubongo ya Mashariki ipo zaidi upande wa mashariki wa Marekani, na ni katili: katika farasi kumi wanaougua, tisa hivi wanakufa. Ya Magharibi ilitambuliwa California mwaka 1930 kwenye ubongo wa farasi. Ya Venezuela ilitambuliwa mwaka 1938, na yenyewe ina tabia ya pekee kwamba farasi mgonjwa anakuwa na virusi vingi sana katika damu, mbu akimnyonya anavibeba na kuwapelekea farasi wengine na watu. Kwa hiyo kule wana sababu ya kuchanja. Farasi wako anayelala Hombolo hana haja ya hizo tatu, na hela ya kuziagiza ningekushauri iende kwingine.

Ya nne, West Nile, hiyo ni ya kwetu kabisa. Virusi hivi vilipatikana mara ya kwanza mwaka 1937 kwa mwanamke mwenye homa katika wilaya ya West Nile, Uganda. Vimeishi Afrika kimya kimya miaka na miaka, halafu mwaka 1999 vikatokea New York. Kunguru walianguka na kufa ovyo, ndipo watu wakashtuka. Kufikia mwaka 2002 Marekani iliandikisha farasi zaidi ya 15,000 waliougua ndani ya mwaka mmoja. Ndiyo maana mwenye farasi aliyezoea mambo ya kule akisikia neno mbu halali usingizi.

Sasa tuelewe njia yake, kwa sababu hapo ndipo majibu ya kijiji chako yalipo. Virusi vinakaa kwa ndege. Mbu wa jamii ya kyuleksi, hawa wa usiku wanaopenda maji machafu, anamnyonya ndege, virusi vinazaliana ndani ya mbu, kisha akimuuma farasi au mtu anamwambukiza. Safari inaishia hapo. Damu ya farasi haibebi virusi vya kutosha kumwambukiza mbu mwingine. Farasi hamwambukizi farasi, punda hamwambukizi farasi, na wewe unayemsugua kila asubuhi hupati West Nile kwa kumgusa. Mkipata ugonjwa nyote wawili, basi mmeumwa na mbu wa sehemu moja.

Farasi wengi wakiambukizwa hawaonyeshi chochote. Wachache ambao virusi vinafika kwenye ubongo na uti wa mgongo ndio utakaowaona wakiyumba miguu ya nyuma, wakikwaa kwato, wakiegemea ukuta. Kuna dalili moja ninayotaka mtunza farasi aijue kwa macho: simama mbele ya farasi, tazama ngozi ya puani na midomo, inacheza cheza yenyewe bila nzi kutua. Misuli ya shingo na bega nayo inaruka ruka. Ukigusa shavu anashtuka kupita kiasi. Homa inaweza kuwepo au isiwepo. Farasi mzima joto lake ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, kwa hiyo nunua kipimajoto ukae nacho bandani. Kati ya wanaofikia dalili hizi bila kuchanjwa, kama theluthi moja wanakufa au inabidi wauawe. Dawa ya kuua virusi vyenyewe hakuna. Tunapunguza uvimbe, tunatoa maji, tunamzuia asijiumize.

Chanjo ya farasi ipo, ya binadamu mpaka leo haipo. Mara ya kwanza inatolewa mara mbili, wiki tatu hadi sita katikati, kisha inarudiwa kila mwaka kabla ya msimu wa mbu. Kuiingiza nchini lazima upitie mamlaka za mifugo upate kibali, na isafiri kwenye baridi hadi Dodoma. Mwenye mali akiwa na uwezo, aanze taratibu hizo kupitia daktari aliyesajiliwa. Asikutumie chupa kwenye begi la mgeni.

Ila kuna ugonjwa ambao hamkuutaja, na kwa farasi wa huku ndio ningeuweka wa kwanza. Ngoja nipumzishe vidole, nitaandika tena.

Mama Punda Mpwapwa (#7)

Daktari Mungu akubariki. Yaani hapo ulipoandika punda hamwambukizi farasi nimesoma mara mbili. Huku kwetu punda ndiye anayebebeshwa lawama zote kama anavyobebeshwa madumu. Mimi nachota maji na punda, nauza kwa ndoo. Kipindi kile cha wizi wa punda kwa ajili ya ngozi nililala nao ndani ya ua, na Umoja wa Afrika ulipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 2024 nilimshukuru Mungu. Sasa nisifukuzwe visimani kwa sababu ya mbu.

Mtunza Farasi Hombolo (#8)

Daktari tunasubiri hilo la kwanza. Na dada yangu wa Mpwapwa, hakuna wa kukufukuza, nitawasomea wazee wa hapa maneno haya haya.

Mvuvi wa Bahi (#9)

Kama virusi vinakaa kwa ndege basi sisi wa Bahi tumekwisha. Mvua zikiwa nzuri bonde lote linajaa maji, mpunga unaota, ndege wanatua maelfu: korongo, bata maji, heroe. Wengine wanatoka Ulaya huko. Tuwafukuze? Na kuku wa nyumbani je, wasilale karibu na punda?

Daktari wa Mifugo Kanda ya Kati (#10)

Mvuvi wa Bahi, ndege wa porini muwaache. Huwezi kulifukuza anga. Kinachowezekana ni kumnyima mbu mahali pa kuzaliana karibu na banda, ili hata akimnyonya ndege asiwe na njia fupi ya kumfikia mnyama wako. Kuku nao hawana neno kubwa; wakiambukizwa virusi vinakuwa vichache katika damu yao na hawaugui. Marekani wanawaweka makusudi kwenye vibanda kando ya mabwawa na kuwapima damu kila baada ya muda, ili wajue kama virusi vimefika eneo lile.

Sasa lile la kwanza. Unaitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Nao ni wa virusi, lakini hauenezwi na mbu. Unaenezwa na usubi, wale vidudu wadogo weusi kama punje ya pilipili manga iliyosagwa, wanaouma jioni na alfajiri ukajikuna usione kilichokuuma. Farasi mgeni, asiyechanjwa, akiupata kwa aina yake kali, uwezekano wa kufa unafika asilimia 90 na zaidi. Anakuwa mzima asubuhi, jioni anapumua kwa shida amepanua miguu ya mbele na kunyoosha shingo, povu jeupe linamwagika puani kama sabuni. Aina nyingine inakwenda polepole zaidi: vile vishimo vya juu ya macho vinajaa na kutokeza nje, kope zinavimba, kichwa kinavimba. Ukiona vishimo vya juu ya macho vimetoka, usisubiri kesho.

Punda wetu wa Afrika na pundamilia wanaambukizwa lakini kwa kawaida hawaugui, au wanaugua kidogo tu, na virusi vinaweza kukaa katika damu yao wiki kadhaa. Hapa inabidi niwe mkweli kwa Mama Punda. Kwa West Nile punda hana hatia kabisa. Kwa ugonjwa huu, usubi anaweza kumnyonya punda kisha akamuuma farasi. Lakini suluhisho si kumfukuza punda anayepita mchana na madumu yake. Usubi huyu anauma zaidi kati ya jua kuzama na jua kuchomoza. Punda alale kwao, farasi alale bandani, wasilale zizi moja. Basi. Na farasi achanjwe.

Chanjo ya ugonjwa huu inatengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini. Virusi vyake viko vya aina tisa, na chanjo inakuja kwa chupa mbili tofauti zinazotolewa kwa kupishana wiki tatu au zaidi. Ni virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo farasi jike mwenye mimba changa na farasi aliyechoka na safari wanahitaji uamuzi wa daktari kwanza, na baada ya sindano farasi apumzishwe kazi ngumu. Mtunza Farasi, mwambie mwenye mali hivi: kabla ya kuulizia chanjo za Venezuela, aulize farasi hawa walipotoka Arusha walichanjwa chupa zote mbili, na lini. Aombe kitabu chao cha chanjo.

Mtunza Farasi Hombolo (#11)

Nimempigia. Hakuwa na taarifa hiyo ya usubi. Kitabu kinatafutwa Arusha. Daktari, sasa niambie hapa bandani nianze na nini, maana mvua haisubiri kitabu.

Fundi Maji Kizota (#12)

Mkuu hapo niruhusu mimi nianze, maana hii ndiyo kazi yangu.

Watu wakisikia mbu wanakimbilia nyasi. Nyasi zinawapa kivuli tu. Nenda nyuma ya nyumba, tazama karo. Nimefungua makaro mengi Dodoma hii inayojengwa kila siku, na hadithi ni ile ile: mfuniko una ufa, au bomba la kupumulia limeachwa wazi juu bila wavu. Ukimulika tochi ndani unaona maji meusi yamefunikwa na viluwiluwi wananing'inia kichwa chini, mkia juu, wamebanana hata maji huyaoni. Ukigonga ukuta wanazama wote kwa pamoja, ukingoja kidogo wanarudi. Hao ndio hao mbu wa usiku anaowasema daktari. Shimo moja la namna hiyo mita ishirini kutoka bandani linatosha kuwatesa farasi msimu wote hata kama bwawa lingekuwa Singida.

Ziba ufa kwa saruji. Juu ya bomba funga kipande cha wavu wa madirisha, kaza kwa waya, sio kamba, jua la huku linakula kamba. Kwa vyoo vya shimo vyenye maji kuna njia nyingine nzuri. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga vipunje vya povu, hivi vyeupe vinavyotokana na maboksi ya kupakia vifaa vya umeme, kwenye vyoo na makaro. Vinaelea, vinatanda juu ya maji yote, kiluwiluwi anakosa pa kupumulia na mbu jike anakosa pa kutagia. Mbu walipungua sana, na vile vipunje vinakaa miaka. Ila visiwekwe kwenye shimo linalofurika mvua zikija, vitatoka vyote na kuchafua mtaa.

Daktari wa Mifugo Kanda ya Kati (#13)

Fundi, nakazia kila neno. Natamani maafisa mifugo wote tungetembea na fundi kama wewe.

Niongezee ya bandani. Birika la kunyweshea mwaga kila baada ya siku nne hivi, na usiishie kumwaga, sugua kuta kwa brashi. Kwa joto letu yai linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya wiki moja na kitu, kwa hiyo ukikaa wiki mbili bila kumwaga umeshafuga kizazi. Matairi, ndoo zilizopasuka, mashimo yaliyobaki baada ya kufyatua matofali, alama za kwato za ng'ombe kwenye tope, vyote hivyo vinashika maji ya mvua. Mashimo ya matofali kijijini kwako yafukieni kwa pamoja kabla ya Desemba. Yale yasiyofukika wekeni dawa ya kibaiolojia ya viluwiluwi, ile ya bakteria inayotengenezwa Kibaha. Inamuua kiluwiluwi tumboni, haimdhuru farasi, punda, kuku wala samaki.

Kwa usubi, tazama zaidi tope lenye mavi. Hapo ndipo anapozaliana: maji yanayovuja kwenye birika, yanachanganyika na samadi, yanabaki mbichi. Hamisha samadi mbali, weka kokoto chini ya birika, tengeneza bomba linalovuja. Hii kazi ya koleo na toroli inaokoa farasi kuliko dawa nyingi ninazoandikia watu.

Farasi waingie bandani kabla jua halijazama, watoke jua likishapanda. Kama kuna umeme, hata wa sola, funga feni itakayopuliza upande wanaposimama. Mbu na usubi ni warukaji dhaifu, upepo unawashinda. Taa iwe mbali na banda, isiwe juu ya kichwa cha farasi, usubi wanaifuata. Wavu wa kawaida wa dirishani unazuia mbu lakini usubi anapenya matundu yake, kwa hiyo tafuta wavu wenye matundu madogo zaidi au uliotiwa dawa ya jamii ya pareto, lakini hewa ipite. Na jambo moja ambalo wafugaji wengi wa kwetu wanalifanya kwa nia njema: moshi wa mavi makavu ndani ya banda. Nje, upande upepo unakotoka, sina ugomvi nao. Ndani ya banda lililofungwa unaharibu mapafu ya farasi, na penye nyasi kavu ni moto unaosubiri.

Muuguzi Chamwino (#14)

Nimesoma nikakumbuka mwaka 2007, Homa ya Bonde la Ufa ilipoingia mkoani kwetu. Dodoma ndiyo iliyoumia zaidi nchini, Tanzania tulipoteza watu zaidi ya 100. Mabucha yalifungwa, watu walihamia kuku na samaki. Ule nao ulikuwa wa mbu. Daktari, ule unawapata farasi? Na tuutofautisheje na huu?

Daktari wa Mifugo Kanda ya Kati (#15)

Sista, umeuliza vizuri. Homa ya Bonde la Ufa inawaumiza kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Dalili kubwa ni mimba kutoka kwa wingi na wana-kondoo kufa ovyo. Farasi na punda kwa kawaida hawaugui. Mbu wake wa kuanzisha mlipuko ni aina nyingine, anatagia kwenye mabonde yanayofurika mara moja moja. Mayai yanakaa kwenye udongo mkavu miaka mingi yakiwa na virusi ndani, mvua kubwa ikija yanaanguliwa. Ndiyo maana mlipuko ule ulifuata mvua za mwishoni mwa 2006. Na tofauti kubwa kwako wewe wa hospitali: kule mtu anapata ugonjwa pia kwa kushika damu, mimba iliyotoka, nyama na maziwa mabichi. Kwa hiyo mkisikia mbuzi wa kijiji kizima wanatupa mimba baada ya mvua kubwa, msishike kwa mikono mitupu, toeni taarifa.

Mkulima wa Kibaigwa (#16)

Turudi kwa yule punda wa jirani aliyeyumba akafa. Kama si farasi kumwambukiza, na punda haugui sana, alikufa kwa nini?

Daktari wa Mifugo Kanda ya Kati (#17)

Swali hilo lilikuwa linanisumbua tangu posti ya kwanza. Mtunza Farasi, muulize jirani punda alikuwa anakula nini wiki zile.

Mtunza Farasi Hombolo (#18)

Nimetoka kwake sasa hivi. Anasema walikuwa wanasafisha ghala, mahindi ya chini yalikuwa yameloa na kuota ukungu wa rangi ya waridi na nyeupe. Waliona watu hawawezi kula, wakampa punda ili yasipotee. Alikula kama wiki mbili tatu.

Daktari wa Mifugo Kanda ya Kati (#19)

Hapo sasa nina shaka kubwa na mahindi kuliko mbu.

Kuna ukungu unaoota kwenye mahindi na kuzalisha sumu inayoitwa fumonisini. Ng'ombe anaivumilia zaidi. Farasi na punda inawayeyusha ubongo, nyama nyeupe ya ndani ya ubongo inageuka majimaji. Mnyama anayumba, anasukuma kichwa ukutani, anazunguka upande mmoja, anapofuka, anakufa ndani ya siku chache. Ukimtazama kwa nje huwezi kuitofautisha na West Nile. Mkoa wetu unaijua sumu ya ukungu kwa machungu: mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Sumu ile ni ya aina tofauti, inaua ini, lakini funzo la ghala ni lile lile. Mahindi yasiyofaa mtu msimpe punda. Yafukieni.

Siwezi kusema kwa uhakika kilichomuua punda yule, maana amezikwa bila sampuli. Hiyo ndiyo inayoniuma. Kuyumba kunatokana na vitu vingi: West Nile, mahindi yenye ukungu, pepopunda, ndorobo, kuumia uti wa mgongo, na kichaa cha mbwa. Kijiji kikishasema ni mbu, hakuna anayeita mtaalamu, na wengine wanaendelea kuwapa punda wao mahindi yale yale kutoka ghala lile lile.

Mtunza Farasi Hombolo (#20)

Jirani ana punda mwingine, na magunia mawili yalikuwa bado yapo. Tumeyamwaga shimoni na kufukia.

Mama Punda Mpwapwa (#21)

Daktari, nisaidie la mwisho. Punda akianza kuyumba usiku, afisa mifugo wa kata yuko mbali, mimi mwenyewe nifanye nini mpaka afike? Na akifa kabla hajafika?

Daktari wa Mifugo Kanda ya Kati (#22)

Dada, mwondoe kwenye kuta zenye ncha na mawe, mweke kwenye mchanga au nyasi nyingi, mtoe kamba shingoni asijinyonge. Maji yawe karibu. Watoto wakae mbali. Usimfungue mdomo kumnywesha dawa, chumvi, mafuta wala kitu chochote, hata kama anaonekana amekwama koo. Mnyama mwenye kichaa cha mbwa anaonekana hivyo hivyo, na mikono yenye mikwaruzo ndiyo inayoingiza virusi.

Piga simu kwa afisa mifugo hata kama ni usiku, mwambie dalili zilianza lini, alikula nini, kama aling'atwa na mbwa miezi ya nyuma. Akifika akiwa hai atachukua damu kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, ikae kwenye boksi la barafu bila kugandishwa, ipelekwe maabara ya Kanda ya Kati ya TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Kesi ngumu zinaweza kwenda hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Kwenye damu hiyo ndiko tunakotafuta kingamwili za West Nile za maambukizi mapya. Hifadhi pia kilo moja ya chakula alichokuwa anakula, kwenye mfuko wa karatasi, sio wa plastiki, ukungu usizidi.

Akifa, usimchune, usimpasue, mbwa wasimguse. Mfunike kwa turubai na miiba mpaka mtaalamu afike, maana sampuli ya ubongo anaitoa yeye mwenye glavu na vifaa, sio kijana wa bucha. Baada ya hapo azikwe kwa kina, mbali na kisima.

Na kama kuna mtu aliyeng'atwa, au aliyeshika mate yake akiwa na kidonda, aoshe hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza sindano. Asisubiri majibu ya maabara.